Beseni la Maji Halikingi Macho

Kila jua linapokaribia kupatwa, swali huja kwa sura ileile: "Daktari, si nikitazama kwenye beseni la maji inatosha?" Nimelijibu kliniki, redioni, kwenye vikao vya walimu na kwenye simu za ndugu. Jibu ni hapana. Na kwa kuwa hapana tupu haijawahi kumtosha muulizaji, safari hii tupige hesabu.

Kichujio halali cha kutazamia jua, kile cha kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, hupitisha sehemu 3 hivi tu katika kila sehemu 100,000 za mwanga. Maji yaliyotulia, jua likiwa utosini, hurudisha asilimia 2 hivi ya mwanga unaoyapiga. Asilimia 2 inasikika ndogo mpaka uiweke kwenye kipimo kilekile: ni sehemu 2,000 katika kila 100,000. Anayechungulia beseni anapokea zaidi ya mara 600 ya kiasi kinachoruhusiwa. Jua likiinama, hali huwa mbaya zaidi, maana kadiri mwanga unavyokuja kwa mshazari ndivyo maji yanavyourudisha kwa wingi. Likiwa digrii 10 juu ya upeo wa macho, theluthi moja hivi ya mwanga unaofika kwenye maji hurudi.

Hapo mtu hunikatiza: "Lakini sisi tunatia wino." Wengine hutia masizi. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linalowadanganya hata wasomi. Picha ya jua unayoiona beseni hutokea juu kabisa, pale hewa inapokutana na maji. Mwanga ule hugeuka na kukurudia jichoni bila kuugusa wino. Wino humeza mwanga mwingine, ule uliokwishazama kuelekea chini. Matokeo yake mng'ao wa sakafu ya beseni unapotea, picha ya jua inajitokeza safi, na mtazamaji anatulia kuikazia macho kwa muda mrefu kuliko angefanya kwenye maji matupu. Wino haukupunguza chochote kinachodhuru. Umempa mtu utulivu wa kujidhuru.

Wapo wanaoegemea ukale wa jambo lenyewe: wazee walifanya hivyo. Ni kweli, na si wazee wetu peke yao. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Socrates anazungumzia watu wanaoumiza macho kwa kutazama jua linapopatwa badala ya kuangalia taswira yake majini. Lakini umri wa ushauri si ushahidi kwamba unafaa. Hata Isaac Newton, alipolijaribu jua kwa macho yake, hakulitazama moja kwa moja. Alitazama taswira yake kwenye kioo. Alijifungia gizani siku 3 ili macho yatulie, na kivuli cha lile jua kiliendelea kumsumbua kwa miezi. Kioo hurudisha mwanga mwingi kuliko maji, nakubali, lakini kosa ni lilelile: kudhani kwamba mwanga ukishageuzwa njia umepoteza makali.

Kisha yupo shahidi wa Rujewa. Tarehe 1 Septemba 2016, watu kwa maelfu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, na karibu na saa sita mchana wakaona jua likibaki pete kwa takriban dakika 3. Aliyetarajia giza hakulipata; mchana ulififia tu, kwa sababu mwezi ulikuwa mbali kidogo na haukutosha kulifunika jua lote. Shahidi huyu ananiambia alitazama kwenye beseni na macho yake ni mazima hadi leo. Namwamini. Maji yalikuwa yakitikisika, watu wakisukumana, kila mmoja akipata sekunde moja au mbili. Kilichomwokoa ni msongamano. Mtoto aliyeachiwa beseni lake peke yake nyumbani kwa nyanya yake hana msongamano wa kumwokoa.

Na pete ile haikuwa salama hata dakika moja. Kufunikwa kwa jua hakupunguzi ukali wa kipande kilichobaki. Kila nukta yake inang'aa kama kawaida. Mwaka 2017 huko New York mwanamke mmoja alitazama jua lililopatwa kwa sehemu, na madaktari walipopiga picha retina yake, yaani utando wa nyuma ya jicho, wakakuta jeraha lenye umbo la hilali, sawasawa na kipande cha jua alichokitazama.

Jeraha hilo haliumi, kwa kuwa retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Unalala vizuri, unaamka, unafungua gazeti, na herufi ile unayoitazama haipo. Za pembeni unaziona. Ukihamisha jicho kuifuata, doa linahama nalo. Mistari iliyonyooka inaonekana imepinda. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Wengine hubaki na doa maisha yao yote. Hakuna matone wala dawa iliyothibitishwa kuliponya, basi usitie asali, maziwa ya mama wala chupa yoyote ya dukani. Nenda ukaonwe na daktari wa macho.

Filamu ya eksirei, hapana. Sidii, hapana. Miwani ya jua hata ikiwa nyeusi tii, hapana. Kioo cha moshi, hapana.

Kinachofaa ni hiki: miwani ya karatasi yenye ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu, iliyonunuliwa kwa muuzaji anayeaminika. Kioo cha fundi wa kuchomelea, namba 14. Namba 10 na 11 zinazoonekana sana kwenye karakana hazitoshi. Usivae ile miwani ya karatasi ukachungulia darubini. Kama huna chochote, lipe jua mgongo: toboa karatasi ngumu tundu dogo kwa sindano, acha mwanga upite uangukie karatasi nyingine nyeupe, tazama hiyo karatasi. Chujio la jikoni lenye matundu madogo hufanya kazi hiyohiyo.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Luxor, Jeddah na Makka. Huko, zile dakika chache ambazo jua limefunikwa lote, unaweza kutazama kwa macho matupu. Kenya na Tanzania litafunikwa sehemu tu, kwa hiyo kwetu hakuna sekunde ya kuvua miwani. Pete itarudi kusini mwa Tanzania tarehe 21 Mei 2031.

Walimu wakuu, nawaomba msiwafungie watoto darasani siku hizo. Wapelekeni chini ya mwembe. Mianya ya majani hufanya kazi ya tundu la sindano, na ardhi yote ya kivulini hujaa hilali ndogondogo za jua. Waacheni wazihesabu, wazichore kwenye madaftari, huku jua likiwa mgongoni kwao.