Muuguzi na Nywele Zake

Majuzi mwanafunzi wangu wa zamani, anayejiandaa kuingia chuo cha uuguzi, aliniuliza iwapo itambidi anyoe kipara. La hasha! Adui si nywele, bali ni mkono unaozigusa.

Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis alionyesha kwamba mikono ya matabibu ndiyo iliyowaambukiza kina mama homa ya uzazi. Muuguzi ambaye nywele humwangukia machoni huzisukuma nyuma mara kwa mara bila kufikiri, kisha mkono ule ule hurudi kwenye kidonda cha mgonjwa.

Basi afadhali mtindo usioudai mkono: nywele fupi zilizochanwa, au mistari iliyofungwa kisogoni, juu ya ukosi wa sare. Mistari hudumu kwa majuma kadhaa, na huoshwa bila kufumuliwa. Hata hivyo isikazwe mno, kwani msuko unaovuta ngozi hunyonyoa nywele za kando ya paji.

Walimu wenzangu, tusiwaamuru wanafunzi kunyoa pasipo kuwaeleza sababu. Ajuaye sababu hujichunga hata msimamizi asipokuwapo.