Kampuni Inakua, Wewe Uko Dowa

Manze, wera kwa kampuni changa inayokua iko na raha yake, mtu asikudanganye. Lakini ukiwa msee wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Dowa, Malawi, hiyo raha iko na ngori ambayo mabeshte wa Nairobi na Dar hawaijui.

Cheki Tumaini Festival. Menes La Plume, msanii wa DRC, aliianzisha 2014 pale pale kambini, na imenona mpaka wageni wanalala kwa makeja ya wakimbizi. Kitu ikikua hivyo, kazi ni nyingi kuliko watu. Leo unabeba spika, kesho unapanga wageni, keshokutwa unabonga na mapresi. Kwa shirika kubwa la City Centre, Lilongwe, ungekaa miaka kwa dawati moja ukijaza fomu za mtu mwingine. Huku unasoma kazi tatu kwa mpigo, na idea yako ya asubuhi inaweza kutumika jioni.

Shida ni kwamba mdosi anayejua jina lako anajua pia namba yako. Saa nne usiku WhatsApp inalia: "Bro, kuna kitu kidogo." Hakijawahi kuwa kidogo. Unapewa cheo kizito, meneja wa oparesheni, halafu mbogi yote ni wasee watatu na laptopu moja. Doh ikichelewa, unaambiwa vumilia, bado tunakua. Na ukipatana mshahara kwa kwacha, jua unacheza na moto: Novemba 2023 kwacha ilishushwa asilimia 44. Aliyekuwa analipwa dola kwa wera za mtandaoni alikuwa anachekelea. Wewe nyongeza yako ya mwaka iliishia kwa mafuta ya kupikia.

Hiyo yote ni kawaida ya kampuni changa popote. Ngori yenyewe ni hii: Dzaleka, iliyokuwa gereza, iligeuzwa kambi 1994 kwa watu kama 10,000, na sasa tuko zaidi ya 50,000. Malawi ilitia saini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, lakini ikaweka masharti yake kwa mambo ya ajira na kutembea. Sera ya serikali inakutaka ukae kambini. 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wanaishi nje ya kambi warudi, na Mei makarao wakaanza kuwasomba Lilongwe, wenye maduka pia.

Sasa kampuni ikishika doh, inataka nini kwanza? Ofisi Lilongwe. Area 47, Area 3, popote. Beshte wako Mmalawi mliyeanza naye anahamia huko, anakuwa karibu na wateja na mdosi. Wewe, uliyefungua milango ya kwanza, unabaki Dowa na simu, unangoja kutumiwa kazi. Kampuni ikiwa ndogo, mlikuwa sawa. Kukua ndiko kumewatenganisha.

Kwa hivyo kabla ya kusema ndiyo, muulize mdosi mapema: ofisi ikihama, mimi nafanyia wapi? Nalipwa kwa pesa gani? Iko kwa karatasi? Akianza kuzunguka, bado chukua hiyo wera kama unaihitaji, njaa haingoji. Lakini kila kitu unachotengeneza, weka kopi yenye jina lako.