Geti la Wageni

Shabiki anayesafiri kuifuata timu yake huonywa mengi kabla ya kupanda basi. Usivae jezi njiani, usijibu matusi, usikae katikati ya wenyeji. Maonyo yote hayo yanamlenga adui mmoja, shabiki wa upande wa pili. Sisi tunaofanya kazi ya usalama wa viwanja tuna hofu nyingine. Tukiletewa ramani ya uwanja tusioujua, tunatafuta kwanza geti la wageni: liko wapi, lina upana gani, linafunguka kwenda ndani au nje, na nani anashika ufunguo.

Wenyeji huingia uwanjani kidogo kidogo. Huyu anatokea kazini, yule amepitia kula chipsi kwanza, mwingine anakaa mtaa wa pili na hatoki nyumbani mpaka asikie ngoma. Wageni huja kwa mkupuo. Wamekodi mabasi, wameondoka pamoja, wamesimamishwa mizani pamoja, na watashuka pamoja. Tuseme wako 3,000. Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja, ule unaoitwa Green Guide na ambao nchi nyingi huuazima, unasema geti la kupita mtu mmoja mmoja lisikadiriwe kupitisha zaidi ya watu 660 kwa saa. Wakipewa mageti matano, kwa saa moja watapita 3,300, kwa hiyo wote wataingia na nafasi itabaki. Sasa msafara uchelewe, mabasi yafike zikiwa zimebaki dakika 40 mpira uanze. Mageti yaleyale yatapitisha 2,200. Filimbi ya kwanza inalia watu 800 wakiwa bado nje.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Walio nyuma hawalioni geti. Wanachojua ni kwamba foleni haiendi na ndani watu wanashangilia, basi wanasogea hatua moja. Hatua hiyo moja, ikipigwa na watu mia kadhaa, inamfikia aliyebanwa ukutani kama uzito ambao hawezi kuusukuma wala kuukwepa. Hakuna mhuni hata mmoja katika hesabu hiyo. Kuna basi lililochelewa na mageti machache.

Dawa yake ni kuchelewesha mechi dakika 15 au 20 na kuwatangazia walio nje kwamba haijaanza. Haigharimu chochote, na bado mara nyingi hukataliwa kwa sababu ya ratiba ya televisheni. Kwa maoni yangu, kamishna wa mechi ambaye hawezi kuahirisha filimbi kwa robo saa hana kazi pale uwanjani.

Mfano unaofundishwa kote duniani ni Hillsborough, uwanja wa Sheffield Wednesday, tarehe 15 Aprili 1989. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa ugenini. Mashabiki 10,100 wa Liverpool wenye tiketi za jukwaa la kusimama walipangiwa mageti saba. Ukigawanya, kila geti linabeba watu zaidi ya 1,440, kazi ya saa mbili na ushee. Msongamano ulipozidi nje, polisi walifungua geti kubwa la kutokea, ikiwa ni saa 8:52 mchana, dakika nane kabla ya mpira kuanza. Watu wakamiminika ndani, na mbele yao moja kwa moja kulikuwa na njia ya chini ya jukwaa inayoelekea vizimba viwili vya katikati. Vizimba hivyo vilikuwa vimeshajaa. Vya pembeni vilikuwa na nafasi, lakini ili kuvifikia ilibidi mtu ajue kwamba kuna njia ya kuzunguka, na hakuwekwa msimamizi wa kuwaelekeza. Walikufa watu 97. Kwa miaka mingi mashabiki wale walisingiziwa ulevi na fujo, mpaka mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilipoamua kwamba waliuawa kwa uzembe wa wengine na kwamba wao hawakuchangia lolote.

Tofauti ya mgeni na mwenyeji ndiyo hiyo. Aliyezaliwa mtaani hapo anajua ngazi zipi hazijai, choo kipi kina mlango wa pili, na kwamba ukipita nyuma ya kibanda cha soda unatokea upande wa barabara. Mgeni anafuata mgongo wa aliye mbele yake.

Uingereza wameliwekea jambo hili kanuni. Katika Ligi Kuu, timu ngeni hupewa tiketi 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama uwanja ni mdogo, na tangu msimu wa 2016/17 bei ya tiketi ya mgeni haizidi pauni 30. UEFA hutaka wageni wapewe angalau asilimia 5. Kwa kawaida huwekwa kwenye kona, na sababu ni ya kihandisi kuliko ya dharau: kona ina pande mbili za kulinda badala ya tatu, na ni rahisi kuipa geti lake, vyoo vyake na maegesho yake ya mabasi. Kati yao na wenyeji hubaki safu za viti vitupu zilizofunikwa turubai, ambazo mwenye uwanja huzihesabu kama hela iliyomwagika.

Ligi ya Tanzania inaivuruga hesabu hii vizuri sana. Simba au Yanga wakienda Sokoine kule Mbeya, Kaitaba pale Bukoba au Lake Tanganyika mjini Kigoma, wageni huwa wengi kuliko wenyeji, na wengi wao hawajapanda basi lolote. Ni wakazi wa mji huohuo waliorithi timu kwa baba zao. Anayejikuta ugenini ni shabiki wa Tanzania Prisons ya Mbeya, akiwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwake. Mhasibu wa klabu yake halalamiki: mapato ya mlangoni siku hiyo hulipa mambo ambayo mechi nyingine haziwezi kulipa, mgeni njoo mwenyeji apone. Ila kwa mtu wa usalama hakuna kona ya kuchora. Baba ana jezi nyekundu, mtoto ana ya kijani, na wamekuja na bodaboda moja.

Kinachotulinda hapo ni utani. Simba na Yanga, watani wa jadi, huitana makolo na utopolo kuanzia kituo cha daladala mpaka viti vya mzunguko, kisha wanagawana karanga. Siudharau utani huo hata kidogo. Umefanya kazi ambayo kwingine hufanywa na uzio na farasi wa polisi. Lakini hauvuki mpaka. Desemba 2024, Simba ilipoifunga CS Sfaxien ya Tunisia kwenye uwanja wa Mkapa, viti vilivunjwa na ngumi zikapigwa kati ya watu wasio na utani wowote baina yao, na CAF ikaiamuru Simba icheze mechi ya Januari dhidi ya CS Constantine bila mashabiki. Na utani haupanui geti. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, uwanja huohuo, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine wakaumia katika msongamano wa kuingia. Wengi wa waliobanana pale walikuwa wa timu moja.

Kutoka kuna hesabu yake pia. Mwongozo ule unakadiria kwamba mahali tambarare, kila mita moja ya upana hupitisha watu 82 kwa dakika. Kwenye ngazi hushuka hadi 66. Geti la mita 1.2 basi linapitisha kama watu 98 kwa dakika. Ili wageni wetu 3,000 watoke ndani ya dakika nane, muda ambao baada yake watu huanza kukosa subira, yanahitajika mageti manne ya namna hiyo, yote yakiwa wazi. Mlinzi mmoja akienda kunywa chai na ufunguo wa geti la nne, hesabu imeharibika.

Accra, tarehe 9 Mei 2001, ufunguo ulikosekana kwa gharama kubwa. Hearts of Oak waliwafunga Asante Kotoko mabao 2-1, na mashabiki wa Kotoko, waliotoka Kumasi na kwingineko, wakaanza kurusha viti. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi kuelekea jukwaani. Watu wakakimbilia mageti, mageti yamefungwa. Walikufa zaidi ya 120, wengi kwa kukosa hewa. Kurusha viti ni kosa la mtu mmoja mmoja, na mtu hukamatwa kwa kosa lake. Moshi hauchagui, na unawasukuma wote kwenye upenyo uleule. FIFA imekataza gesi ya kutawanyia watu ndani ya uwanja katika kanuni zake za usalama, na kila anayevaa sare kwenye mechi anapaswa kuijua kanuni hiyo kabla hajapewa bunduki ya moshi.

Msomaji atasema chuki ipo, na ipo kweli. Port Said, Misri, tarehe 1 Februari 2012, mashabiki wa Al Masry waliwavamia wageni wa Al Ahly baada ya filimbi ya mwisho, ingawa timu yao ilikuwa imeshinda 3-1. Watu 74 walikufa. Wapo waliopigwa, wapo waliorushwa kutoka juu, na wapo waliokandamizwa kwenye njia ya kutokea kwa sababu geti la mwisho halikufunguliwa. Chuki iliwakimbiza, geti likawamaliza.

Baada ya maafa kama hayo serikali hupenda mkato, wageni wasije kabisa. Argentina walifanya hivyo mwaka 2013. Mkato huu una jibu lake kule Indonesia. Tarehe 1 Oktoba 2022, mashabiki wa Persebaya walikatazwa kwenda Kanjuruhan, uwanja wa Arema, kwa kuhofia fujo. Arema walifungwa nyumbani 3-2, watu wao wakaingia uwanjani, polisi wakarusha mabomu ya machozi majukwaani, na milango ikawa myembamba au imefungwa. Walikufa 135. Mashabiki wa timu ngeni hawakuwepo.

Afcon ya 2027 imepangwa kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania, na maelfu ya watu wetu watakuwa wageni katika viwanja vya jirani zao. Waandaaji wausome msiba wa uwanja wa Olembe, Yaoundé, Januari 2022, walikokufa watu wanane wakiingia kuangalia Cameroon na Komoro. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alihoji hadharani kwa nini geti lililopaswa kuwa wazi lilifungwa. Ni swali la kuuliza kila asubuhi ya mechi, kwa kutembea geti hadi geti na kusukuma kila mlango kwa mkono.

Wewe unayesafiri, soma herufi ya geti kwenye tiketi yako ukiwa bado kwenye basi, si ukiwa kwenye foleni. Dereva aambiwe mfike saa mbili kabla. Mizani na ukaguzi barabarani vitakula moja. Ukishakaa, geuka utazame nyuma na pembeni mpaka umeona njia mbili za kutokea, maana uliyoingilia ndiyo itakayokimbiliwa na kila mtu. Ukiwa na mtoto, kaa mbali na ngazi za katikati: timu yenu ikipata bao, hasa la ugenini ambalo kwenye mashindano ya CAF limepeleka timu mbele na kuzitoa nyingine, watu huporomoka kwenda chini bila kuangalia wanamkanyaga nani. Simba walivuka kwa Power Dynamos mwaka 2023 kwa mabao mawili ya Ndola, na mwaka uleule Yanga walishinda Algiers 1-0 na bado kombe likabaki kule kwa kanuni hiyohiyo ya bao la ugenini. Kwa bao kama hilo hata mzee mtulivu huruka.

Msongamano ukikukuta, usishindane nao. Inua mikono mbele ya kifua, ngumi zikiwa karibu na kidevu, ili mbavu zipate nafasi ya kupumua. Nenda na wimbi, na kila linapolegea kidogo sogea kwa mshazari kuelekea pembeni. Kilichoanguka, kiwe simu au kiatu, kiache. Aliyeanguka, mwinueni haraka kabla wimbi halijarudi.

Mkizuiliwa jukwaani baada ya mpira, kama wageni wanavyozuiliwa mara nyingi Ulaya na Afrika Kaskazini, kaeni. Ni dakika 20 au 30 za kuchosha, na mna haki ya kuambiwa mapema, kupewa maji na kuachiwa vyoo wazi. Namba ya basi na mahali lilipoegeshwa viandike kwenye karatasi na kila mmoja awe na yake, kwa sababu chaji huisha na mtandao hukwama pale watu 60,000 wanapotafutana kwa simu kwa wakati mmoja.