Loksia Hana Kwao Bila Koni

Loksia ni ndege mkubwa kidogo kuliko shomoro. Ndege wengi wa Ulaya husubiri theluji iyeyuke ndipo wajenge viota; yeye hasubiri. Januari au Februari, barafu ikiwa bado matawini, jike wa kaskazini huenda tayari anaatamia, na dume humletea chakula kiotani. Wanaweza hivyo kwa sababu ya koni, yale matunda makavu yenye magamba ya misonobari na jamaa zake.

Ncha za mdomo wake hupishana. Huuchomeka kati ya magamba, huyatanua kwa kusukuma taya ya chini pembeni, kisha ulimi huichomoa mbegu. Hata makinda hulishwa mbegu zilizocheuliwa, wala si wadudu kama wa ndege wengine wengi.

Lakini miti haizai sawasawa. Msprusi wa Ulaya, mmoja wa jamaa za msonobari, huzaa haba kwa miaka kadhaa, kisha karibu msitu mzima hubeba kwa pamoja, na mwaka unaofuata mavuno huporomoka. Koni hukomaa vuli na kufunguka majira ya kuchipua, mbegu zikamwagika. Loksia hutaga mapema ili makinda wakue kabla ghala halijamwagika. Kisha, kuanzia Juni, makundi huenda kutafuta msitu wenye koni mpya. Wasipouona, husonga mbele hata wakafurika Uingereza. Mtawa Matthew Paris aliandika habari za ugeni wa namna hiyo mwaka 1251: ndege walipasua matufaha ili wale mbegu za ndani.

Kwangu, ushahidi mzito zaidi kwamba koni ndizo zinazoamua maisha ya loksia uko South Hills, jimbo la Idaho, Marekani. Misonobari ya huko hufunga koni zake kwa utomvu miaka mingi, ikingoja moto wa msitu, na kindi wekundu wanaozimaliza kwingine hawapo. Chakula hakikatiki, kwa hiyo loksia wa huko hawahami. Koni zimejihami kwa magamba mazito. Midomo nayo imenenepa. Craig Benkman na wenzake waliwaeleza kuwa spishi ya pekee mwaka 2009, ikatambuliwa rasmi 2017.

Nina wasiwasi juu ya hao kuliko wenzao wanaotangatanga. Joto kali la kiangazi hufungua koni kabla ya wakati, na mwaka 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya msitu wao. Mdomo uliochongwa na mti mmoja hauhamishiki kirahisi kwenda mti mwingine.