Kutoka Kraken hadi Ngisi: Chimbuko na Mvuto wa Masimulizi ya Madubwana ya Baharini

Makala haya yanafafanua chimbuko la masimulizi ya madubwana ya baharini na sababu za kudumu kwake, kwa kurejelea Kraken wa Norwe. Hoja yetu ni kwamba masimulizi hayo si zao la ujinga, bali ni hifadhi ya uchunguzi wa kweli uliotiwa chuku.

Jina lenyewe ni kidokezo. Katika Kinorwe, krake ni kitu kilichopindapinda, hasa mti uliodumaa. Matawi ya mti wa namna hiyo yanafanana na minyiri ya ngisi.

Katika karne ya 18, Askofu Erik Pontoppidan wa Bergen aliandika maelezo ya wavuvi. Walipopima kina wakakuta kimepungua kuliko kawaida, na samaki ni tele, walijua Kraken yuko chini. Walivua, kina kilipozidi kupungua, walipiga makasia upesi kujiepusha. Kumlinganisha mnyama huyo na kisiwa ni chuku. Hata hivyo, kupima kina, kufuata samaki na kutambua wakati wa kuondoka ni maarifa ya kazi.

Mwaka 1857, mwanasayansi wa Denmark, Japetus Steenstrup, alilinganisha kumbukumbu za kale na masalio yaliyotupwa ufukweni, akampa ngisi mkubwa jina la kisayansi, Architeuthis. Mwaka 2004 ndipo watafiti wa Japani walipompiga picha akiwa hai, kwenye kina cha mita 900 hivi, karibu na visiwa vya Ogasawara. Wahenga walisema, lisemwalo lipo.

Kwa nini mvuto haujaisha? Kwanza, bahari huonyesha sehemu na kuficha umbo zima. Akili ya mtu hukamilisha iliyobaki. Pili, dubwana hubeba onyo. Katika pwani ya Waswahili, mtoto anayekatazwa kuogelea penye kina hutajiwa chunusi, kwani onyo lenye jina halisahauliki upesi.

Kwa hiyo, tunapendekeza kwamba wakusanyaji wa fasihi simulizi na washauri wa sera za bahari wasiishie kuandika umbo la dubwana. Waulize pia mahali, msimu, kina na mkondo. Anayeandika "imani potofu" kisha akafunga daftari huacha maarifa ya mvuvi yazikwe pamoja naye.