Kumi toa nne jumlisha tatu

Kokotoa: 10 − 4 + 3. Swali limo katika daftari la mwanafunzi wa darasa la tano nililolikuta juu ya meza ya mwalimu, katika shule moja ya msingi huku Milanzi, Manispaa ya Sumbawanga. Chini ya swali mtoto ameandika MAGAZIJUTO kwa herufi kubwa, akaipigia mstari, kisha akaonyesha njia bila kuruka hatua: 4 + 3 = 7, halafu 10 − 7 = 3. Amekosa. Jibu ni 9.

Daftari lile lilinikaa rohoni. Mtoto huyu hakubahatisha. Kama sisi wote tuliopita shule za msingi za nchi hii, alikaririshwa kwamba mabano hutangulia, kisha gawanya, zidisha, jumlisha, na mwisho kabisa toa. Akatii. JU iko mbele ya TO, naye akajumlisha kabla hajatoa. Sasa mtiifu huyu amekosea wapi?

Mwalimu wake amefundisha hisabati hapa Ufipa kwa miaka mingi. Aliniomba nisimtaje jina, na ombi lake naliheshimu. Nilipomwonyesha ukurasa ule hakumlaumu mtoto hata kidogo.

"Huyo si mzembe," alisema. "Mzembe angeanzia kushoto bila kufikiri, akapata tisa, na mimi ningemwekea vema. Huyu kafuata nilichomfundisha, nikamwekea kosa. Unadhani usiku nalala vizuri?"

Akavuta karatasi. "Kaa, kaka, nikuonyeshe."

Alianza na GA na ZI. Chukua 12 ÷ 3 × 2. Ukigawanya kwanza unapata 4, ukizidisha kwa 2 unapata 8, sawa na aliyetoka kushoto kwenda kulia. Chukua 12 × 6 ÷ 3. Gawanya kwanza, 6 kwa 3 ni 2, mara 12 ni 24. Anza kushoto, 72 kwa 3, ni 24 vilevile. Kugawanya kukitangulia hakumwumizi mtu. Balaa liko kwenye JU na TO, maana hapo anayelifuata neno kama lilivyo anaweza kupotea.

Nikamwuliza kwa nini basi isiwe TOJU. Kutoa kungetangulia, mtoto wetu angepata 6, akaongeza 3, mambo yakaisha. Hakunijibu kwa maneno. Aliandika 10 + 2 − 5, akanisogezea karatasi. Kutoa kukitangulia, mtoto atatoa 5 kwenye 2, naye bado hajafundishwa namba hasi. Akaandika jingine: 5 − 8 + 6. Hapo hata anayeanzia kushoto anakwama mlangoni.

"Sasa itumie JUTO inavyotakiwa," alisema. "Kusanya vya kujumlisha vyote kwanza. Tano na sita, kumi na moja. Halafu toa vya kutoa. Toa nane. Tatu. Umeona? Hukugusa namba hasi."

Kwa njia hiyo 10 − 4 + 3 inakuwa 10 na 3, yaani 13, toa 4, inabaki 9. JU imetangulia TO na jibu limetoka sawasawa. Mtoto wetu naye alijumlisha kwanza, ila alijumlisha 3 na 4, na ile 4 haikuwa ya kujumlishwa. Ilikuwa ya kutolewa. "Alama inakwenda na namba inayoifuata," mwalimu alinieleza, akizungushia duara −4, na +3 duara lake. "Ukiibandua alama ukaichukua namba peke yake, umebadilisha swali."

Darasani huwafundishia mahindi. Ghalani mna madebe 10, umeuza 4, jirani amerudisha 3 aliyokopa. Mtoto gani wa Milanzi atakwambia yamebaki 3? Hata anayeshindwa ubaoni analijua hilo kutoka nyumbani. Ndipo naye huwarudisha kwenye alama.

Kwa hiyo kanuni haina uongo, na nilifurahi kulijua hilo ukubwani. Lakini aliyeunganisha silabi zile tano aliijua siri hii ya kukusanya, au ziliangukia tu hivyo? Mwalimu huyu alipewa neno chuoni bila sababu yake, na sababu akaitafuta mwenyewe, akisahihisha madaftari.

Ugomvi huu si wa Ufipa peke yake. BODMAS ya sekondari, kanuni hiyohiyo kwa Kiingereza, ina mtego uleule mwishoni: kujumlisha mbele ya kutoa. Wamarekani wana PEMDAS, yenye kuzidisha mbele ya kugawanya, na anayeifuata neno kwa neno atasema 12 ÷ 3 × 2 ni 2. Mwaka 2019 watu walirushiana maneno mitandaoni juu ya 8 ÷ 2(2 + 2), wengine wakishika 16, wengine 1, hata mwanahisabati Steven Strogatz akaandika makala katika The New York Times. Alitetea 16, lakini akasema hakuna mwanahisabati wa kazi ambaye angeandika kitu chenye utata namna hiyo. Na si jambo jipya: mwaka 1928 Florian Cajori, katika historia yake ya alama za hisabati, alieleza kwamba hapakuwa na makubaliano juu ya ipi itangulie pale × na ÷ zinapokutana. Mashine nazo hazikubaliani. Bonyeza 2 + 3 × 4 kwenye kikokotoo cha kawaida cha dukani, utapata 20. Simu janja itakupa 14.

Nilimwandikia mwalimu ile ya 8 ÷ 2(2 + 2). Aliitazama kidogo tu.

"Aliyeandika hii hajamaliza kuandika," alisema. "Madebe manane, kaya mbili, kila kaya wanaume wawili na wanawake wawili. Kila mtu debe moja. Au nusu ya madebe manane, umpe kila mmoja katika watu wanne. Hapo unahitaji madebe kumi na sita. Mimi nitajuaje unahesabu lipi?"

Naungana naye. Lakini yeye anaweza kumwuliza mwandishi wa swali. Mtoto aliye kwenye chumba cha mtihani hawezi. Maswali mengi ya hisabati ya darasa la saba ni ya kuchagua herufi. Likija swali la 10 − 4 + 3, na 3 imo kati ya majibu, aliyeshika neno kama lilivyo ataisiliba herufi yake kwa uhakika kabisa, na hakuna atakayeona hatua zake.

Kuna jingine ambalo mwalimu mwenyewe hajalimaliza. Aliandika 12 ÷ ½ ya 6. MAGAZIJUTO haina nafasi ya "ya", hivyo darasani kwake ni kuzidisha tu: 12 gawanya kwa ½ ni 24, mara 6 ni 144. Katika BODMAS, wengi huisoma ile O kuwa ndiyo "ya" yenyewe, nayo hutangulia kugawanya: nusu ya 6 ni 3, 12 kwa 3 ni 4. Mwanafunzi wake akifika kidato cha kwanza na 144 yake, atakuwa amekosa nini? Na awaandae kwa lipi, mtihani wa darasa la saba au darasa litakalofuata? Ameshabishana na wenzake ofisini juu ya hilo. Wengine wanataka neno liachwe kabisa, watoto wafundishwe kwenda kushoto kulia. Yeye hakubali, kwa sababu ya 5 − 8 + 6. Kuhusu "ya" bado hajaamua.