Minara ya Mestia
Katika nchi ya Georgia, ndani kabisa ya milima ya Caucasus, uko mji mdogo uitwao Mestia. Nyumba zake za kale zimeungamana na minara ya mawe, iliyojengwa tangu karne ya 9. Minara hiyo haikuwa pambo. Adui alipokuja, au jamaa wa mtu aliyeuawa walipokuja kudai damu, watu wa nyumba walipanda juu na kuivuta ngazi. Na kisasi kilirithiwa kama shamba. Njia zilikuwa mbaya, na ubaya huo ndio uliohifadhi mengi: katika nyumba ya makumbusho imo Injili ya Adishi, iliyoandikwa kwa mkono mwaka 897.

Wageni wengi huja ili kwenda kwa miguu mpaka Ushguli, safari ya siku nne, chini ya mlima Shkhara unaokaribia kulingana na Mlima Kenya kwa urefu. Jambo la kuangaliwa ni mto wa Adishi utokao katika barafu. Yafaa uvukwe asubuhi mapema, kwani jua likipanda barafu huyeyuka na maji hufura. Wenyeji huwavusha watu juu ya farasi kwa malipo, na apendaye usingizi asimlaumu farasi.